Kutoka Kiti Kimoja hadi Ugavana: Historia ya Wanawake wa Kenya katika Nyadhifa za Kuchaguliwa

Wanawake wa Kenya wamefika kwenye nyadhifa za kuchaguliwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kura ya wazi, ambapo mwanamke hushindana na wanaume katika eneo bunge, wadi au kaunti. Ya pili ni viti vilivyotengwa na sheria. Kwa karibu miaka 50 baada ya uhuru, njia ya kwanza ndiyo pekee iliyokuwapo, ukiondoa wachache walioteuliwa. Katika kipindi hicho chote wanawake hawakuwahi kufikia hata sehemu moja ya kumi ya Bunge. Njia ya pili ilipofunguliwa na Katiba ya mwaka 2010, ilizaa viongozi ambao baadaye walirudi kwenye kura ya wazi na kushinda.

Kura za wachache, 1919–1963

Baraza la Kutunga Sheria la koloni lilianza mwaka 1907, na kwa miaka mingi lilikuwa la walowezi. Wanawake wa Kizungu walipata haki ya kupiga kura mwaka 1919. Waafrika, wake kwa waume, hawakuwa na kura yoyote. Mwafrika wa kwanza kuingia barazani, Eliud Mathu, aliteuliwa na serikali mwaka 1944, na uchaguzi wa kwanza wa wajumbe Waafrika haukufanyika hadi Machi 1957, kwa viti 8 tu.

Uchaguzi huo ulikuwa na masharti. Mpiga kura alipimwa kwa elimu, kipato, mali na utumishi wake, na aliyetimiza masharti mengi aliweza kupewa hadi kura tatu. Masharti hayo yaliwaacha nje wanawake wengi mno. Wasichana waliofika shule walikuwa wachache, ardhi ilihesabiwa kuwa ya mume au ya ukoo, na kazi za mshahara mijini na mashambani zilikuwa mikononi mwa wanaume. Kwa hiyo, siasa za uchaguzi zilipoanza, wanaume Waafrika walikuwa tayari wametangulia.

Wakati huohuo wanawake walikuwa wamebeba sehemu kubwa ya mzigo wa kupigania uhuru. Katika miaka ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwaka 1952, walipeleka chakula na habari kwa wapiganaji wa Mau Mau msituni, na maelfu walifungiwa kambini. Mwaka huohuo serikali ya kikoloni iliunga mkono kuanzishwa kwa chama cha Maendeleo ya Wanawake, kilichofundisha usafi, ushoni na malezi. Nia ya serikali ilikuwa kuwaweka wanawake mbali na Mau Mau, lakini mikutano ya chama hicho iliwapa mtandao wa nchi nzima na mazoezi ya uongozi. Mwaka 1958 Phoebe Asiyo alikuwa Mwafrika wa kwanza kukiongoza.

Mwaka huohuo wa 1958, Jemimah Gecaga aliteuliwa kuwa mwanamke Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria. Priscilla Abwao alimfuata, na mwaka 1962 alikuwa mwanamke Mwafrika pekee kati ya wajumbe wa Kenya kwenye mkutano wa katiba wa Lancaster House mjini London. Hapo alidai kwamba uhuru usiwaache wanawake nyuma ya waume zao. Katika uchaguzi wa Mei 1963, watu wazima wote walipiga kura. Hata hivyo, Baraza la Wawakilishi na Seneti vilifunguliwa bila mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa.

Meya wa Kisumu, 1964–1974

Kizuizi cha kwanza baada ya uhuru kilikuwa chama. Aliyetaka kiti alihitaji tiketi, na matawi ya chama tawala, KANU, yaliyotoa tiketi hizo yaliongozwa na wanaume. Ruth Habwe, kiongozi wa Maendeleo ya Wanawake, aliamua kugombea akiwa mgombea huru mwaka 1964, na KANU ikamwadhibu. Kwa wanawake wengine waliokuwa wakitazama, hilo lilikuwa onyo.

Mlango wa kwanza ulifunguka kwenye serikali ya mtaa. Grace Onyango, mwalimu, alikuwa diwani mjini Kisumu. Meya wa mji huo alipofariki mwaka 1965, madiwani walimchagua kushika nafasi yake, na hivyo akawa mwanamke wa kwanza kuwa meya nchini Kenya. Kazi ya manispaa ni ya masoko, maji, usafi na nyumba, mambo ambayo matokeo yake huonekana haraka. Ilimjengea jina ambalo lisingetokana na hotuba peke yake.

Uchaguzi wa Desemba 1969 ulifanyika katika mwaka wa machungu. Waziri Tom Mboya aliuawa Julai. Mnamo Oktoba, ghasia zilizuka Kisumu wakati wa ziara ya Rais Jomo Kenyatta, na askari wakapiga watu risasi. Chama cha upinzani cha KPU kikapigwa marufuku na kiongozi wake, Oginga Odinga, akawekwa kizuizini. KANU ikabaki peke yake. Lakini kura ya mchujo ya chama hicho ilifunguliwa kwa kila mpiga kura aliyejiandikisha, hata asiye mwanachama. Hivyo uamuzi ulitoka kwa viongozi wa tawi ukawaendea wapiga kura wenyewe, na wapiga kura wa Kisumu Mjini walikuwa wakimfahamu meya wao. Onyango aliwashinda wanaume na kuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuingia Bunge la Kenya, peke yake kati ya wabunge 158 wa maeneo bunge. Baadaye alikuwa pia mwanamke wa kwanza kukalia kiti cha Spika kwa muda na kuongoza vikao, na aliwakilisha Kisumu hadi mapema miaka ya 1980.

Chama kimoja, 1974–1991

Mwaka 1974 idadi ilipanda kutoka mmoja hadi wanne. Onyango alirudi. Pamoja naye walishinda Julia Ojiambo wa Busia, Nyiva Mwendwa wa Kitui Magharibi na Chelagat Mutai wa Eldoret Kaskazini. Wote walikuwa na elimu ya kutosha au jina lililojulikana, na hilo linaonyesha kiwango ambacho mwanamke alipaswa kukifikia ili asikilizwe. Ojiambo, msomi wa lishe, alifanywa waziri msaidizi, wa kwanza wa jinsia yake.

Mutai alikuwa na miaka ipatayo 25 tu, akitoka moja kwa moja katika siasa za wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Alizungumzia ardhi na ufisadi waziwazi. Mwaka 1976 alihukumiwa kifungo cha miaka miwili na nusu kwa kosa la kuchochea wananchi katika mgogoro wa shamba. Wapiga kura walimrudisha bungeni mwaka 1979, na akawa miongoni mwa kundi dogo la wabunge waliothubutu kuikosoa serikali. Mwaka 1981, akikabiliwa na mashtaka mengine, alikimbilia Tanzania. Masaibu yake yalidhihirisha kwamba kushinda kura hakukutosha. Aliyeingia bungeni bila ulinzi wa wakubwa wa chama angeweza kung'olewa wakati wowote.

Phoebe Asiyo wa Karachuonyo na mwandishi Grace Ogot wa Gem waliongeza majina katika miaka ya 1980, lakini idadi haikukua. Julai 1985 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa tatu wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake, na maelfu ya wajumbe walifika kutoka duniani kote. Nchi iliyowakaribisha haikuwa na waziri mwanamke katika baraza la mawaziri. Mwaka 1987 Maendeleo ya Wanawake iliunganishwa na KANU, ikapoteza sauti ya kujitegemea. Mwaka uliofuata ulikuja mtindo wa mlolongo. Wapiga kura walijipanga nyuma ya wagombea au picha zao, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 alitangazwa mshindi bila kura ya siri. Mwanamke aliyetaka kumpigia kura mgombea tofauti na wa mume wake au wa chifu alilazimika kufanya hivyo mbele ya macho yao. Hata katika mazingira hayo, Agnes Ndetei alishinda Kibwezi.

Vizuizi vya kijamii vilikuwa na nguvu kuliko sheria yoyote. Mwanamke aliyeolewa nje ya kwao aliambiwa akagombee kwa mume, na kwa mume akaitwa mgeni. Asiyeolewa aliulizwa atawezaje kuongoza watu bila kuwa na nyumba. Kampeni zilihitaji fedha, magari na mikutano ya usiku, wakati mali ya familia ilikuwa kwa jina la mwanamume. Maswali hayo hakuulizwa mgombea yeyote wa kiume.

Vyama vingi na madai mapya, 1992–2002

Kifungu cha 2A cha katiba, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee, kilifutwa Desemba 1991. Wanawake hawakungoja kualikwa. Februari 1992 walikutana Nairobi katika kongamano lao la kitaifa kupanga namna ya kuingia kwa wingi katika uchaguzi uliokuwa unakuja. Mwezi huohuo akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wakiwa na mwanamazingira Wangari Maathai, walianza mgomo wa kula katika bustani ya Uhuru Park. Polisi walipowavamia, baadhi yao walivua nguo kama laana kwa waliowapiga. Kitendo hicho kiliitikisa nchi nzima.

Desemba mwaka huo wanawake 6 walichaguliwa kati ya wabunge 188: Charity Ngilu wa Kitui ya Kati, Martha Karua wa Gichugu, Agnes Ndetei, Nyiva Mwendwa, Phoebe Asiyo na Mary Wanjiru wa Kinangop. Kuwapo kwa vyama vingi kuliwapa waliokataliwa na KANU mahali pengine pa kwenda, na Ngilu, Karua na Ndetei waliingia kwa tiketi ya chama cha Democratic Party. Mwaka 1995 Nyiva Mwendwa aliteuliwa kuwa waziri kamili wa kwanza mwanamke, miaka 32 baada ya uhuru.

Aprili 1997 Asiyo aliwasilisha bungeni hoja ya kutaka wanawake watengewe nafasi katika Bunge na katika orodha za vyama. Wabunge waliikataa. Hoja hiyo ilishindwa, lakini wazo lake halikufa. Makubaliano ya vyama kabla ya uchaguzi wa mwaka huo, yaliyojulikana kama IPPG, yaliondoa kwa Rais uhuru wa kuteua wabunge 12 apendavyo. Viti hivyo viligawanywa kwa vyama kulingana na nguvu zao bungeni, na usawa wa jinsia ukatajwa kama jambo la kuzingatiwa.

Katika uchaguzi huo Ngilu na Maathai walikuwa wanawake wa kwanza kugombea urais wa Kenya. Ngilu alimaliza wa 5. Katika maeneo bunge, hata hivyo, walioshinda walipungua hadi 4 kati ya 210, akiwamo Beth Mugo wa Dagoretti. Kupungua huko kulionyesha jinsi mafanikio ya 1992 yalivyokuwa mepesi kupeperuka pale vyama vilipogawanyika kikabila na kila kabila kumtafuta mwanamume wa kulisimamia.

Kuelekea Katiba mpya, 2002–2010

Ushindi wa muungano wa NARC mwaka 2002 ulileta wanawake 9 kutoka maeneo bunge. Wangari Maathai alichaguliwa Tetu, na mwaka 2004 akapata Tuzo ya Nobel ya Amani akiwa mbunge na waziri msaidizi. Ngilu, Karua na Linah Kilimo waliingia katika baraza la mawaziri. Mchango wa wachache hao ulionekana katika sheria. Njoki Ndung'u, mbunge wa kuteuliwa, alisukuma Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 dhidi ya upinzani mkali. Kipengele cha ubakaji ndani ya ndoa kilitolewa ili sheria ipite, lakini adhabu kali kwa wabakaji na wanajisi wa watoto zilibaki.

Bunge lililofuata, la kuanzia 2008, lilikuwa na wanawake 22 kati ya wabunge 222, wa kuchaguliwa na wa kuteuliwa. Baadhi waliingia kwa njia ya msiba. Ajali ya ndege ya Juni 2008 iliwaua wabunge Kipkalya Kones na Lorna Laboso. Katika uchaguzi mdogo, mjane wa Kones, Beatrice, alishinda Bomet, na Joyce Laboso akachukua kiti cha dada yake cha Sotik.

Mjadala wa katiba ulikuwa ukiendelea tangu vikao vya mkutano wa katiba wa Bomas vya 2003 na 2004. Rasimu iliyopigiwa kura Novemba 2005 ilikataliwa. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, nchi ilirudi mezani, na Katiba iliyopitishwa kwa kura ya maoni Agosti 2010 ikabeba madai ambayo Asiyo na wenzake walikuwa wamekataliwa. Kila kaunti kati ya 47 ingemchagua mbunge mwanamke. Seneti ingekuwa na wanawake 16 wa kuteuliwa kupitia orodha za vyama. Kifungu cha 27 na cha 81 viliweka kanuni kwamba jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika chombo chochote cha kuchaguliwa.

Kwa mabunge ya kaunti, Katiba ilieleza namna ya kuitimiza kanuni hiyo: viti vya nyongeza hutolewa baada ya uchaguzi mpaka uwiano upatikane. Kwa Bunge la Kitaifa na Seneti, haikueleza. Pengo hilo dogo la maandishi lilizaa mvutano ambao umedumu kuliko muhula wa Bunge lolote.

Thuluthi mbili bungeni na mahakamani, 2012–2020

Desemba 2012 Mahakama ya Juu, ikiombwa ushauri, ilisema kanuni hiyo itatekelezwa hatua kwa hatua, na sheria yake iwe tayari kufikia Agosti 2015. Jaji Mkuu Willy Mutunga alitofautiana na wenzake, akishikilia kwamba itekelezwe mara moja. Muda ulipofika Bunge lilijiongezea mwaka mmoja.

Kuongeza viti vya wanawake kulihitaji kurekebisha Katiba, kwa kura 233 kati ya 349 za Bunge la Kitaifa. Mwaka 2016 mswada ulipata 195 katika jaribio la kwanza, na ukashindwa tena ulipoletwa mara ya pili. Machi 2017 Mahakama Kuu ililipa Bunge siku 60 za kupitisha sheria, nazo zikaisha bila sheria hiyo. Februari 2019 mswada mwingine uliletwa, na wabunge waliokuwa ukumbini hawakutosha hata kuanza kupiga kura. Wapinzani walisema viti vya nyongeza vingeongeza gharama kwa mlipa kodi na kuwa zawadi kwa marafiki wa viongozi wa vyama. Lakini sababu ya ndani ilikuwa pia kwamba waliotakiwa kupiga kura ni wanaume waliohofia viti vyao. Mnamo 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais Uhuru Kenyatta alivunje Bunge kwa kushindwa kutimiza wajibu huo. Mahakama ilisimamisha ushauri huo, na Bunge likamaliza muhula wake.

Kutoka viti maalum hadi ugavana, 2013–2022

Uchaguzi wa kwanza chini ya Katiba mpya ulitoa picha yenye pande mbili. Kwa viti 47 vya kaunti, idadi ya wanawake katika Bunge la Kitaifa ilipanda hadi 68. Lakini katika maeneo bunge 290 walishinda 16 tu, na hakuna mwanamke aliyechaguliwa gavana wala seneta. Wabunge wenyewe wa viti vya kaunti, waitwao Wawakilishi wa Kike, walidharauliwa mwanzoni. Walihudumia kaunti nzima bila mfuko kama ule wa maeneo bunge, na baadhi ya watu waliwaona kama mapambo. Hali ilibadilika ulipoundwa mfuko wao wa kitaifa wa usawa, uliowawezesha kutoa karo, kusaidia vikundi vya akina mama na kuonekana mashinani.

Mwaka 2017 matunda yalianza kuonekana. Mishi Mboko, aliyekuwa Mwakilishi wa Kike wa Mombasa, alishinda eneo bunge la Likoni, na Aisha Jumwa wa Kilifi akashinda Malindi. Naisula Lesuuda, aliyeanza kama seneta wa kuteuliwa, alichaguliwa Samburu Magharibi. Sophia Abdi Noor alishinda Ijara na kuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika eneo bunge lolote la Kaskazini Mashariki, kama vile Peris Tobiko wa Kajiado Mashariki alivyokuwa wa kwanza miongoni mwa Wamaasai mwaka 2013. Waliochaguliwa katika maeneo bunge walifika 23. Fatuma Dullo wa Isiolo, Susan Kihika wa Nakuru na Margaret Kamar wa Uasin Gishu walikuwa maseneta wa kwanza wanawake kuchaguliwa. Charity Ngilu wa Kitui, Anne Waiguru wa Kirinyaga na Joyce Laboso wa Bomet walikuwa magavana wa kwanza. Laboso alifariki Julai 2019 akiwa madarakani.

Mwaka 2022 magavana wanawake walifika 7. Waiguru alirudi Kirinyaga. Waliojiunga naye ni Susan Kihika wa Nakuru, Gladys Wanga wa Homa Bay, Kawira Mwangaza wa Meru, Cecily Mbarire wa Embu, Wavinya Ndeti wa Machakos na Fatuma Achani wa Kwale. Safari zao zinaonyesha jinsi ngazi ilivyojengwa. Wanga na Mwangaza walikuwa Wawakilishi wa Kike, Mbarire aliingia bungeni kwa kuteuliwa kabla ya kushinda Runyenjes, Kihika alikuwa spika wa bunge la kaunti kisha seneta, na Achani naibu gavana kwa mihula miwili. Nakuru ilikwenda mbali zaidi: gavana, seneta na wabunge wa Naivasha, Gilgil, Njoro na Bahati wote walikuwa wanawake waliochaguliwa kwa kura ya wazi. Katika uchaguzi wa urais, Martha Karua alikuwa mgombea mwenza wa Raila Odinga.

Ushindi huo una mipaka yake. Mwangaza alikabiliwa na hoja kadhaa za kumwondoa. Seneti iliidhinisha kuondolewa kwake Agosti 2024 na Mahakama Kuu ikauthibitisha uamuzi huo Machi 2025, hivyo magavana wanawake wakabaki 6 kati ya 47. Wanawake wa Bunge la Kitaifa bado hawajafika robo ya wabunge, na waliotoka katika maeneo bunge ni karibu 30 kati ya 290. Mchujo wa vyama, uliomzuia Ruth Habwe mwaka 1964, ndio bado unaoamua nani atafika mbele ya mpiga kura. Kanuni ya thuluthi mbili haijapata sheria ya kuitekeleza bungeni, na uchaguzi mkuu wa Agosti 2027 utafanyika ukiwa wa nne chini ya Katiba iliyoiahidi.